Betri ya Mzee Haikuwa Mbovu

Betri ile haikuwa mbovu. Niliiharibu mimi, kwa mkono wangu, nikijua ninachofanya, kisha nikanyamaza mtu mwingine akabeba lawama. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu uongo wenyewe umesambaa kwa Kiswahili: kwenye vikao vya harusi, misibani, na ndani ya magari ya watu wanaotoka kazini usiku hapa Dallas na miji ya jirani. Uwanjani nimeshakiri kwa Kiingereza. Mliobaki ni ninyi.

Nianze na mchezo, maana wengi wanaoisimulia hadithi hii hawajawahi kuuona, na asiyeujua hawezi kupima uzito wa kosa. Ni mbio za malori madogo yanayoendeshwa kwa rimoti kwenye udongo. Msidhani ni yale magari ya watoto yanayovunjika siku ya pili baada ya Krismasi. Lori la kipimo cha 1 kwa 10 lina urefu wa zaidi ya nusu mita. Lina shokapu nne zenye mafuta, lina difu, lina beringi, na kila kitu kinafunguka hadi skrubu ya mwisho. Uwanja ni udongo ulioshindiliwa, wenye matuta ya kurukia na kona zenye kingo. Madereva hupanda jukwaani, kila mmoja na rimoti yake. Chini ya bodi ya kila lori kuna kifaa kidogo kinachotambuliwa kila lori linapopita juu ya waya uliofukiwa kwenye mstari, na kompyuta inahesabu mizunguko.

Huku Texas mchezo huu una wenyewe. Kampuni ya Traxxas, iliyoanzishwa mwaka 1986, ina makao yake McKinney, kaskazini mwa Dallas, na lori lake liitwalo Slash, lililotoka mwaka 2008, ndilo lililowavuta watu wengi wa kawaida waingie uwanjani. Viwanja vingi vya Marekani vina daraja la Slash peke yake: mota ya brashi iliyotoka nalo kiwandani, tairi zilezile, betri ya seli mbili, basi. Nia ni kwamba pesa isiamue mshindi, vidole viamue. Ni daraja la wanaoanza, la watoto, na la wazee wanaotaka kucheka kidogo mwisho wa wiki. Huko ndiko nilikoibia.

Mzee aliyeniingiza humu sitamtaja jina, wanaomjua wanamjua. Kabla ya kuja Marekani alikuwa fundi redio Tanga, na tabia ya ufundi redio haijamtoka: haamini kitu mpaka akipime. Nilimkuta uwanjani Jumamosi moja nilipompeleka mwanangu kutazama tu. Nikamsikia akiigombeza bisibisi kwa Kiswahili. Nikamwendea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu shika hapa.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Aliniuzia lori lililokwishatumika, kisha akaniambia nilifungue lote kabla ya kuliendesha hata mita moja. Kwake, mtu asiyeweza kulifunga lori lake mwenyewe hajui anachoendesha. Alinifundisha kupanga gia kwa kipande cha karatasi ya daftari: unakiweka kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, unaisogeza mota mpaka meno yakibane, unakaza, kisha unaitoa karatasi, na nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa. Ikiwa chini ya hapo gia zinalia na mota inachemka. Ikizidi, meno yanasagika. Alinifundisha kujaza shokapu mafuta na kuipandisha na kuishusha pistoni taratibu mpaka mapovu yote yatoke, kwa sababu hewa ikibaki ndani lori hudunda kila likitua. Kiangazi cha Texas mafuta hayo huwa mepesi kwa joto, kwa hiyo unaweka mazito zaidi. Bodi ya plastiki angavu tunaipaka rangi kwa ndani, ili lori likipinduka, na litapinduka, rangi isikwaruzike. Skrubu inayoingia kwenye chuma inawekwa tone la gundi ya nyuzi. Inayoingia kwenye plastiki haiwekwi, maana gundi ile huila plastiki.

Kuhusu betri alikuwa mkali kupita yote. Betri ya lithiamu ya mAh 5000 ichajiwe kwa ampea 5, isizidi. Iwe ndani ya mfuko usioshika moto. Usiiache peke yake hata ukienda chooni. Kila betri yake ilikuwa na kipande cha utepe mweupe kilichoandikwa kwa mwandiko wake mdogo: tarehe ya kununua, na upinzani wa kila seli kila alipoupima. Hayohayo aliyanakili kwenye daftari.

Mzee aliuanza mchezo huu enzi za kristali, na napenda mjue maana yake. Siku hizi rimoti za gigahezi 2.4 hutafutana zenyewe na malori yake, hazigombani. Zamani kila mtu alikuwa na kristali ya masafa yake, na watu wawili wakiwasha rimoti za masafa mamoja, lori linasikiliza mabwana wawili. Linaweza kwenda ukutani kwa kasi yote. Kwa hiyo uwanjani palikuwa na ubao wenye vibanio vilivyoandikwa masafa. Huwashi rimoti mpaka uchukue kibanio chako. Ukikuta hakipo, kuna mtu anakitumia, unasubiri. Hapakuwa na askari pale ubaoni. Mtu mmoja mwenye haraka angeweza kuvunja lori la mwenzake la mshahara wa mwezi bila hata kujulikana, na watu waliendesha hivyo miaka na miaka.

Ubao umeondoka, lakini utaratibu wa kuaminiana umebaki kwenye kona. Ukimaliza mbio zako huendi kunywa maji. Unashuka uwanjani kusimama kwenye kona wakati wa mbio zinazofuata, na lori lolote likipinduka mbele yako unakimbia kulisimamisha. Hata la mtu aliyekushinda sasa hivi. Hata la yule ambaye, likibaki chali sekunde tano zaidi, wewe ndiye utakayechukua nafasi yake fainali. Mzee alikuwa mwepesi kwenye kona kuliko vijana. Lori langu alilisimamisha mara nyingi sana msimu ule, nami nilikuwa juu ya jukwaa na betri ya wizi.

Sasa wizi wenyewe. Seli ya lithiamu-polima ya kawaida ikijaa inafika volti 4.20. Seli mbili ni 8.40, na sheria ya klabu yetu ilisema mwisho ni hapo. Lakini iko aina nyingine ya betri, yenye kemia inayostahimili zaidi, ambayo hujazwa hadi 4.35 kwa seli. Chaja za kisasa zinazijua zote mbili. Kwenye menyu ya chaja yangu zilikaa jirani, mstari mmoja chini ya mwingine. Bonyeza kitufe mara moja zaidi, na chaja itaichukulia betri yako ya kawaida kuwa ya aina ile nyingine, iishindilie mpaka 8.70.

Baadaye, nilipokuwa natafuta pa kujificha, nilijiambia kuwa mara ya kwanza kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Nilikuwa nimechoka kubaki fainali B, ile iliyo chini ya A, kila Jumamosi, na nilikuwa nimepitwa kwenye mstari ulionyooka na binti wa shule ya msingi aliyekuwa akitafuna bazoka. Nilijua pia kwamba klabu yetu ndogo haipimi betri. Kwenye mashindano makubwa hupimwa kabla ya kuanza. Kwetu iliaminika tu kwamba mtu mzima hawezi kuiba kwenye daraja la watoto.

Faida ilikuwa nini? Volti 0.30, chini ya asilimia 4. Mota ya brashi hufuata volti, kwa hiyo mizunguko ya mwanzo lori lilitoka kwa nguvu niliyoweza kuihisi kidoleni. Kisha volti ile ya ziada ikaisha, maana ndiyo ya kwanza kuondoka, na mbio zikabaki zilezile. Karatasi ya matokeo ilionyesha kitu ambacho fundi yeyote angekisoma mara moja: mzunguko wangu bora ulipungua kidogo muda, lakini mizunguko yangu mibaya ikawa mibaya zaidi, kwa sababu nilifika kwenye kona kwa kasi nisiyoiweza. Mzee aliitazama karatasi akasema, “Mwanangu, muda wako unaupoteza konani, si kwenye mstari. Punguza.” Sikupunguza. Nilipanda fainali A kwa bahati na kwa wizi, nikamaliza wa tatu kutoka mwisho. Zawadi ya daraja lile ni kupigiwa makofi.

Wakati huohuo betri ilikuwa inakufa. Kuchaji ni kuzihamisha ayoni za lithiamu kutoka upande chanya wa seli zikajipange ndani ya grafaiti ya upande hasi. Ukizidisha, lithiamu inakosa pa kuingia na inaanza kujipaka juu ya grafaiti kama metali. Upande chanya unapoteza uthabiti. Na kimiminika kilicho katikati kinavunjika na kutoa gesi. Madhara hayo hayarudi nyuma, yanajumlishana kila unapochaji. Betri isiyo na kasha ungeiona imefura kama andazi na ungeogopa. Ila betri za mbio huvishwa kasha gumu la plastiki zisije zikatobolewa zikigongwa, na kasha hilohilo likanifichia nilichokuwa nakifanya. Dalili niliyoiona ni kwamba ilianza kuingia kwa shida kwenye nafasi yake ndani ya lori. Niliisukuma.

Betri hiyo nilikuwa nimeinunua kwa mzee kwa dola 30.

Jumamosi ilipowaka, ilikuwa mezani, kwenye chaja, nje ya mfuko, kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa makorokoro yangu mengine. Mimi nilikuwa napiga soga. Kwanza kulisikika mlio wa kasha kupasuka, kisha moshi mweupe mzito, wenye harufu tamu ya kuchoma koo, kisha moto. Meza ya pili alikuwa amekaa yule binti wa bazoka na lori lake mapajani. Baba yake alimvuta kwa mkono mmoja. Mtu mwingine, sijui alitoa wapi ujasiri, aliikamata betri kwa koleo ndefu akaitupa nje kwenye changarawe, wakaifukia kwa ndoo ya mchanga. Moshi wa betri hizi una sumu. Tulisimama nje muda mrefu, watu wakikohoa, mbio zikaahirishwa. Hakuna aliyeungua. Hilo si kwa sababu yangu.

Wakati wote wanautazama mchanga, mimi nilirudi ndani nikachomoa waya wa chaja ukutani, kioo kilichoonyesha ule mstari wa chini kikazimika.

Naomba msilipite hilo haraka. Watu wameniambia kwa huruma kwamba nilipatwa na hofu, na hofu humtuma mtu. Lakini mtu aliyepatwa na hofu haendi moja kwa moja kwenye ushahidi. Mkono wangu ulikuwa umetulia.

Mwendesha klabu akaja kuniuliza betri ile niliipata wapi. Nikajibu, “Niliinunua kwa mzee. Imetumika.” Neno kwa neno ilikuwa kweli. Sikusema zaidi, na hakuna aliyehitaji zaidi. Nikaona macho ya watu yakigeuka kumtafuta. Yeye alikuwa ameinama juu ya mchanga akichokoa na kijiti, akitafuta ule utepe mweupe wenye vipimo vyake. Ulikuwa umeungua.

Alinifuata kwenye maegesho. Akasema, “Nisamehe, mwanangu. Niliipima kabla sijakupa, ilikuwa nzima. Labda mkono wangu umezeeka.” Akatoa dola 30, nikazipokea. Nilisema, “Usijali, mzee.” Yaani nilimsamehe.

Baada ya hapo klabu ikapiga marufuku kuuziana betri zilizotumika pale uwanjani. Hawakumtaja, hakukuwa na haja. Mzee alikuja mara chache zaidi, akakaa pembeni, kisha akaacha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilienda msimu mzima, na nilikuwa sijachoka.

Kilichonitoa humo ni aibu, wala sitaki kuipa jina zuri zaidi. Tulikuwa kwenye kikao cha harusi Arlington, pilau limeshaliwa, na mtu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani akaanza kusimulia habari ya mzee wa Tanga anayewauzia watu betri za mitumba zinazolipuka. Katika hadithi yake nyumba nzima ilinusurika kuungua. Watu wakacheka. Mmoja akanigeukia: “Si wewe ulikuwepo? Ni kweli?” Nikacheka pia. Nikasema, “Acha tu.” Upande wa akina mama alikuwa amekaa mke wa mzee. Hakuinua uso.

Nilienda kwao wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, na nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, yake au yangu. Sikupata kimojawapo. Nilipomaliza kueleza, menyu ya chaja, ule mstari wa chini, waya niliouchomoa, aliuliza swali moja: “Na betri zako nyingine umezichaji hivyohivyo?”

Nikasema ndiyo.

“Ziko wapi?”

Zilikuwa kabatini, kwenye chumba wanacholala watoto wangu.

Alivaa viatu. Alinifuata kwangu kwa gari lake, akanifanya nizitoe zote nje kwenye sakafu ya saruji, akazipima moja moja akiandika kwenye daftari. Seli za betri mbili zilikuwa zimeharibika, na kasha la moja lilikuwa limeanza kuachana kwenye mshono. Hizo mbili tukazimaliza chaji taratibu kwa taa ya gari, tukaziba vichwa vya nyaya kwa utepe, na kesho yake nikazipeleka kunakokusanywa betri chakavu. Ilikuwa usiku tulipomaliza. Ndipo nikampa dola zake 30. Akazihesabu, akatia mfukoni.

“Hizi ni za betri,” akasema. “Lile lingine kalirudishe ulikolitoa.”

Nilisimama kwenye kikao cha madereva, kile kinachofanyika kila Jumamosi kabla ya mbio, nikasema yote. Kiingereza changu kilitosha. Waliniondolea matokeo ya msimu, jambo ambalo halikubadili chochote kwa yeyote isipokuwa yule binti, aliyepanda nafasi moja. Baba yake hasemi na mimi, na sioni kwa nini aseme. Mwendesha klabu alimpigia mzee simu kumwomba radhi. Mzee amerudi, si kila wiki. Betri hauzi tena. Ruhusa alipewa, hamu ndiyo imekwisha. Tukikutana namwamkia, ananiitikia, na akiona gia zangu zinalia ananiambia. Kama amenisamehe sijamwuliza, kwa sababu naona swali hilo lingekuwa la kujinufaisha mimi.

Kwa ninyi mliosikia kwenye vikao: mkiisikia tena hadithi ya betri za mzee, mkatizeni msimulizi. Mwambieni betri ilikuwa nzima, imepimwa, imeandikwa, na aliyeilipua ni mnunuzi. Mkitaka kunitaja, nitajeni. Na kama nyumbani kwenu kuna betri za lithiamu za aina hii, za ndege ndogo za kamera au za magari ya watoto, angalieni chaja imewekwa mstari gani kabla hamjalala.

Klabu yetu sasa inapima kila betri mlangoni. Foleni ni ndefu, jua la Texas mnalijua, na wageni hunung'unika: daraja la watoto, kupimwa kote huku kwa nini, nani kaleta mambo haya? Wenyeji hunyamaza kwa adabu. Mimi huinua mkono.